Taa Akafumbua Macho

Mteja alikuja kutoa kopi tatu za cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Mashine yangu asubuhi huchelewa kupata moto, kwa hiyo akasimama nyuma ya kiti changu kusubiri, na macho yake yakaenda kwenye kompyuta. Nilijua anasoma kwa sababu aliacha kugongagonga meza kwa funguo. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia msibani bila kujua:

"Dada, huyu aliyeweka jina lake rehani, alilikomboa?"

Nikamwambia sijui bado.

"Hujui vipi, na wewe ndiye unayeandika?"

Nikamweleza kwamba ni hadithi tu, naibuni. Akapokea kopi zake, akalipa shilingi 300, akafika mlangoni akageuka. "Ya kubuni hiyo? Hapana. Hiyo umeipata mahali."

Naandika riwaya za kifantasia kwa Kiswahili, hapa Tanga mjini, ndani ya duka la steshenari maeneo ya Ngamiani. Nasikia waandishi wa aina hii kwingineko hutoka jasho wakitafuta namna ya kumfanya msomaji asadiki. Jasho langu mimi linatoka upande wa pili. Msomaji wangu anasadiki kupita kiasi. Nikimtia jini kwenye sura ya kwanza, haniulizi kama majini yapo. Ananiuliza ni wa bahari au wa nchi kavu, Muislamu au kafiri, na mbona sijataja anataka ubani gani. Niliwahi kupigiwa simu na mama mmoja wa Muheza akitaka namba ya mganga wa kwenye kitabu. Nilipomwambia mganga yule hayupo, nimemtunga, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Haya, nimekuelewa, hutaki kumtaja."

Siku yangu huanza saa kumi alfajiri. Siyo kwa sababu ya msukumo wa kisanii, ni kwa sababu saa kumi na mbili watoto wanaamka, na saa mbili duka linatakiwa kuwa wazi. Naandikia kwenye meza ya sebuleni, taa nimeifunika kitambaa ili isimsumbue mama anayelala chumba cha mbele. Lengo ni kurasa mbili. Siku nyingine napata nne, siku nyingine napata sentensi moja ambayo kesho yake naifuta. Dukani naendelea kuiba dakika: kati ya mtu wa barua ya maombi ya kazi na mtu wa kitambulisho cha kuwekewa leminesheni, naweza kuandika aya nzima. Nimezoea kukatizwa mpaka nikipata siku ya kimya siandiki kitu.

Hii kazi ya dukani naidharau mbele za watu, lakini kwa siri naipenda. Nachapa barua za watu siku nzima. Mtu anakuja na maneno yake mdomoni, anataka niyapange: barua ya kuomba kazi ya ulinzi, ya kumwomba mwenye nyumba muda wa kodi, ya baba kumkana mwanawe. Ile ya mwisho niliichapa mara moja tu. Mzee alitamka jina la kijana wake kwa ukamilifu, majina matatu, akaniambia niliweke kwa herufi kubwa, kisha akasema, "Sasa andika kwamba kuanzia leo jina la kati na la mwisho nimelichukua." Nikaandika. Akatia sahihi, akakunja karatasi mara nne, akaondoka. Nilikaa hadi adhuhuri sijui nifanye nini na mikono yangu. Huo ndio mwanzo wa kitabu changu cha kwanza, ule mji ulio chini ya matumbawe ambako watu huweka majina yao rehani.

Umbo la mji wenyewe nililitoa Tongoni. Ukishika njia ya Pangani kutoka hapa mjini utayakuta magofu yake: msikiti usio na paa na makaburi yenye minara, mengine yakiwa na vishimo ambamo zamani zilipachikwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Bakuli hazipo tena, vishimo vimebaki vinakutazama. Kwenye riwaya nikasema kila kishimo ni mahali pa jina lililowekwa rehani.

Mama hakupenda. "Mwanangu, mambo hayo usiyaandike baada ya magharibi," akanionya, na kwa muda wa mwezi mzima nikiandika yeye anafukiza ubani, moshi unaniingia machoni. Sikumkatalia. Amekulia upande wa Amboni, karibu na yale mapango ya chokaa, na ndani ya mapango kuna mahali watu mpaka leo wanapeleka sadaka zao. Watalii hupita hapo na tochi wakipiga picha, na hatua chache kutoka kwao mtu ameinama anaomba mtoto. Ukizaliwa jirani na mahali kama hapo, neno "kubuni" halikutoshi kama kinga.

Kuna jambo la lugha ambalo nikianza kulisema sinyamazi, kwa hiyo mniwie radhi. Kitu kisicho na uhai kikitiwa roho, Kiswahili hakikuachi ukae kimya. Lazima useme ni cha ngeli gani sasa. Sura ya nne kuna kandili ambayo ndani yake imefungiwa roho ya nahodha. Mwanzoni taa inawaka, taa inazimika, taa imening'inia kwenye msumari, kama taa nyingine yoyote. Kisha usiku mmoja nikaandika hivi: "Taa ilizimika. Giza likakaa kidogo. Taa akafumbua macho."

Basi. Sikuweka mshangao, sikusema lo salale, sikueleza kwamba kumbe taa ilikuwa hai. Kiambishi kimoja kimetoka, kingine kimeingia, na kitu kilichokuwa chombo kimekuwa mtu. Nilipoiandika ilikuwa yapata saa kumi na moja alfajiri, nikatoka uani nikasimama karibu na mapipa ya maji nikicheka peke yangu kama mwehu.

Mhariri alinirudishia mswada na wino mwekundu: "Upatanisho wa kisarufi! Taa IKAfumbua." Alikuwa mhariri wa mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam, mtu makini, na kwa kitabu cha sarufi hakukosea. Tulivutana wiki mbili kwa simu. Nikamwambia, ndugu yangu, ukiniandikia "ikafumbua" taa inarudi kuwa bati na utambi, sura yote inakufa. Akaniambia basi niongeze maelezo ili msomaji asidhani ni kosa la uchapaji. Nikakataa. Mwisho akaniuliza, kwa upole kabisa, nitamlaumu nani mwalimu atakapokitia kitabu alama ya kosa.

Mwalimu. Hapo ndipo penyewe. Mswada ulikaa kwa mchapishaji yule mwaka mmoja na miezi minne, na swali lililoulizwa halikuhusu taa wala majini: "Hiki ni cha darasa la ngapi?" Kitabu cha Kiswahili kikiingia shuleni, mchapishaji analala. Kisipoingia, anabaki na maboksi stoo na panya wake. Hesabu hiyo naielewa, nami nina duka. Lakini nilikuwa nimeandika kitabu cha watu wazima ambamo mwanamke anamuuza mumewe kwa kimya cha bahari, na hakuna kidato kinachokitaka. Wakanishukuru kwa kuwaamini. Niliwaandikia nami nawashukuru, nikazima simu siku mbili.

Halafu kuna suala la jina la kazi yenyewe. Nilipopeleka nakala za kwanza duka la vitabu, muuzaji alikigeuza kitabu mara mbili akauliza, "Hiki nikiweke wapi, kwenye dini au kwenye watoto?" Nikasema fantasia. Akakiweka kwenye mapishi, kulikuwa na nafasi.

Na wala si kwamba ni kitu kigeni kwetu. Shaaban Robert alizaliwa 1909 Vibambani, hapa hapa Tanga, na maisha yake mengi ya kazi yalikuwa ya karani wa serikali, mtu wa mafaili na mihuri, kwa hiyo wa jamii yangu. Mwaka 1951 akatoka na Kusadikika, habari za nchi iliyo angani. Tulikisoma shuleni. Tukafundishwa dhamira, tukafundishwa ujumbe, tukafundishwa kwamba pale anasemwa mkoloni, na mtihani ukaja tukajibu. Tulifundishwa kila kitu kuhusu Kusadikika isipokuwa kwamba inaelea. Hakuna mwalimu aliyetuambia tufumbe macho tuione nchi nzima, milima na watu na mahakama yake, haina chini. Mimi nililiona hilo nikiwa na miaka thelathini na kitu, nikisubiri umeme urudi, na sijapona mpaka leo.

Tuendelee na pesa, kwa sababu mtu akisikia mwandishi anadhani ama ni tajiri ama ni ombaomba. Nilipokataliwa niliamua kuchapisha mwenyewe. Nakala 500, kila moja 4,200, jumla shilingi 2,100,000. Laki sita zilikuwa akiba yangu. Milioni moja na nusu nilikopa kwenye kikoba chetu cha akina mama, na mwenyekiti alipouliza mradi ni wa nini nikasema "vitabu," naye akaandika "steshenari," tukaelewana.

Maboksi yalikuja kwa basi kutoka Dar. Nikafungua la kwanza, nikanusa karatasi, nikaperuzi kwa raha zangu, nikafika ukurasa wa 112. Baada yake ukaja ukurasa wa 97.

Kwa wasiojua: kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa moja inabeba kurasa 16, inakunjwa, inakatwa, kisha makunjo yanapangwa na kugundishwa. Cha kwangu kilikuwa na kurasa 208, yaani makunjo 13. Kwenye kiwanda mtu alichukua kunjo la saba mara mbili na la nane akalisahau. Kurasa za 97 hadi 112 zilikuwepo mara mbili, za 113 hadi 128 hazikuwepo kabisa. Nikafungua boksi la pili, la tatu. Yote. Nilipiga simu kiwandani wakasema niyarudishe kwa gharama zangu watazame. Nauli ya mizigo kwenda na kurudi nilikuwa sina, na marejesho ya kikoba yalikuwa yanaanza Jumamosi.

Sasa hapo ndipo kuwa na mashine ya kopi kulinifaa. Kurasa 16 za kitabu changu zinaenea kwenye karatasi nne za A4 nyuma na mbele. Mara 500, karatasi 2,000, rimu nne kamili. Nilinunua rimu nne na chupa ya wino, nikafunga duka saa kumi na mbili jioni, nikachapa hadi usiku wa manane siku tatu mfululizo. Watoto wakakunja, mama akakata kwa kisu cha samaki maana mkasi ulikuwa unatetemeka, mimi nikachomeka kila kijitabu mahali pake na tone la gundi. Mama alikuwa akikata huku akisoma. Usiku wa pili akaacha kukata.

"Kumbe huyu nahodha alikuwa mzima?"

"Mama, kata."

"Nakata. Lakini ungemwacha aende kwao."

Nakala zile 500 nimeziuza zote, nyingi kwa mkono, 10,000 kila moja, zile za madukani zikinirudishia 6,000. Deni la kikoba nililimaliza. Wapo wasomaji walionunua nakala nne tano za mwanzo, kabla sijazirekebisha. Mmoja wao hadi leo anashikilia kwamba kile kitabu chenye kurasa zinazojirudia ndicho bora, eti wakati ule wa kuzama inafaa msomaji apotee na arudi nyuma. Nimeacha kumbishia.

Siku hizi chakula cha nyumbani kinatoka zaidi kwenye simu. Nina kikundi cha WhatsApp cha wasomaji kama 160. Kila Jumatano na Jumamosi natuma sehemu mpya, kwa mwezi mtu analipa 2,000, muamala ukisoma namwingiza. Uandishi huu una adabu yake. Kila sehemu lazima ikatike pabaya, mtu abaki roho juu, na chini uandike "itaendelea". Ukichelewa saa moja wanakuuguza: "Mwandishi, ni mzima?" "Mwandishi, tumekosa nini?" Ukimuua mhusika bila kuwaandaa, watu wanajitoa. Nilimuua mpiga zumari siku ya Jumamosi, wakaondoka watu kumi na moja kabla ya Jumapili adhuhuri, wawili wakadai warudishiwe pesa.

Wanavuja, bila shaka. Kila mwandishi wa simu ana msomaji anayelipa 2,000 akawagawia wenzake mia. Siku moja niliikuta hadithi yangu kwenye ukurasa wa mtu mwingine, ina jina lake na picha ya mwanamke wa Kihindi analia. Alikuwa amebadilisha majina ya wahusika wote na kuihamishia Bagamoyo. Ila alisahau Mto Zigi. Sehemu ya tisa, Mto Zigi wetu unapita katikati ya Bagamoyo bila aibu yoyote. Nilitaka kugomba, nikajikuta namwandikia: "Ndugu, rudisha mto wetu." Akanifungia.

Jambo ambalo sikulitegemea ni namna kikundi kinavyosoma ule mji wa rehani. Mimi niliuwaza kama kisa cha baba na mwana. Wao, kuanzia sehemu ya tatu, wakasema wazi: hawa ni kausha damu. Unakopa kidogo, unaweka kitu ambacho huwezi kuishi bila hicho, riba inakula mpaka unasahau ulichokopea. Kikundi kikajaa simulizi zao za mikopo, za friji zilizobebwa mchana kweupe mbele ya majirani. Nikarudi nikaandika upya sura mbili, nikaweka daftari, wino na karani wa majini anayesema kwa upole, "Mama, hii ni sahihi yako au siyo?" Karani yule ndiye mhusika anayeogopwa kuliko wote, na hana hata pembe.

Mwaka juzi nilipeleka mswada wa pili kwenye Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, hii iliyoanza kutolewa Aprili 2023. Sikupita. Nilinunua gazeti nikasoma majina ya waliopita, nikala chipsi, nikarudi kazini. Yupo aliyesoma kazi yangu vizuri kuliko jopo lolote: binti wa kidato cha pili, mtoto wa mmoja wa wanakikundi, anayeiba simu ya mama yake. Alinitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo anti. Nauliza, mbona jitu mwanzoni linakuja, linakula, linanguruma, halafu baada ya yule msichana kulipatia maji, jitu analia? Umekosea au?" Nilimjibu: "Marahaba mwanangu. Wewe unaonaje?" Akakaa kimya siku nzima. Jioni ikaja sauti yake, sekunde tatu: "Aaaa."

Nimebakiza la samaki.

Kuna mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, huja kuchapisha barua za kikundi chao cha wavuvi. Siku moja nikichapa akanisimulia usiku walipovuta nyavu za maji marefu wakakuta silikanti. "Mjukuu wangu, tulidhani tumevua mtu." Mkubwa, magamba kama ya kuchongwa, macho yakiakisi mwanga wa karabai, na mapezi ya nyama yanayokwenda huku na huku kama mtoto anayejifunza kutambaa. Hakuna aliyetaka kumla, ni mafuta matupu. Wataalamu walikuja na kueleza: samaki huyu alijulikana kwa mabaki ya mawe tu, ikadhaniwa alitoweka pamoja na madinosaria, zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka 1938 akavuliwa mzima Afrika Kusini. Kwetu Tanzania wakaanza kunaswa 2003, na hapa Tanga wakapatikana wengi hadi ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yao 2009. "Yule mtaalamu akaniambia, mzee, huyu alikwisha duniani zamani," akasema babu. "Nikamwambia, mwambie yeye. Yupo hapo kwenye ndoo."

Nikamwingiza kwenye sehemu ya 22, anapita chini ya mji wa rehani akitembeza mapezi yake gizani, kama nilivyosimuliwa, bila kuongeza neno. Kikundi ambacho kilikuwa kimemeza majini makarani, taa zenye macho na mwanamke aliyemuuza mumewe kwa kimya, kikasimama. Wa kwanza kuandika alikuwa msomaji wangu wa tangu siku ya kwanza: "Dada, mpaka hapa tulikuwa na wewe. Samaki mwenye miguu? Hapo umetudanganya." Zikafuata alama za kucheka, nyingi. Nikatuma picha. Wakasema ni ya kutengenezwa na kompyuta.

Mzee alipokuja wiki iliyofuata kuchukua barua yake nilimsomea kipande kile, nikitaka angalau mtu mmoja awe upande wangu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kofia mkononi. Nilipomaliza akatikisa kichwa.

"Umempa miguu minne."

"Si ndiyo, babu?"

"Minne ya ubavuni, sawa. Na ule wa mgongoni kwa nyuma? Na ule wa chini karibu na mkia? Yote ina nyama, yote inatembea. Sita, mjukuu wangu. Ukiandika andika vizuri."

Nikafungua faili, nikatafuta sentensi, nikaweka sita. Barua yake ilikuwa ya kopi mbili, sikumtoza.